Ukifundisha mijadala ya siasa za Marekani, ficha kwanza nani alishinda

Walimu wengi wa historia tukifika kwenye mijadala ya siasa za Marekani tunafanya kitu kile kile, mstari katikati ya ubao, kushoto waliotaka katiba mpya, kulia walioikataa, hoja tano huku, hoja tano kule, alafu chini tunaandika "katiba ikapita 1788", wanafunzi wananakili, kengele inagonga, tumemaliza. Kwenye mtihani wanakurudishia zile hoja tano kama zilivyo. Ila jaribu kuwauliza kaswali kadogo tu ka pembeni, mfano kwa nini mtu mwenye akili zake kama Patrick Henry, mwanasiasa mkubwa wa Virginia, aliipinga katiba ambayo leo inasifiwa dunia nzima, utaona wanaangalia dari.

Na si kosa lao. Umeshawaambia matokeo, sasa wabishane nini? Mtu anayeangalia marudio ya mechi huku anajua iliisha 3-0 hashiki kichwa golikipa akitema mpira. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na mengine yote humu yanatokana na hiyo: mpaka darasa lenyewe limesoma, limebishana na limepiga kura, mwalimu hasemi nani alishinda. Hata kichwa cha somo usikiandike kwa namna inayotoboa siri. Usiandike "Kupitishwa kwa katiba ya Marekani", andika "Oktoba 1787: tuikubali hii karatasi au tuitupe?"

Sawa, tuanze na kuchagua.

Historia ya Marekani imejaa mabishano, kuna madeni ya vita, kuna benki, kuna ushuru, kuna dhahabu na fedha mwaka 1896, kuna pombe, kuna Vietnam, ukisema umalize yote utakuwa unakimbia na hakuna kitakachobaki kichwani mwa mtu. Chukua manne au matano kwa muhula, basi. Mi naangalia kwanza kama kulikuwa na siku maalum na chumba maalum ambapo watu walikaa wakaamua, maana mjadala usio na siku ya kura unaelea tu hewani. Pili kama maandishi ya pande zote yapo na yanasomeka. Tatu, na hii ndo naipa uzito kuliko zote, kama matokeo yangeweza kwenda kokote.

Wanafunzi wana ugonjwa wa kuamini kwamba kilichotokea kilikuwa lazima kitokee. Dawa yake ni namba za kura, ila uzitoe mwishoni sio mwanzoni. Kwenye kuikubali katiba, Massachusetts walipiga 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27, na Rhode Island waligoma mpaka Mei 1790 na hata walipokubali ilikuwa 34 kwa 32. Mkataba wa kuichukua Ufilipino mwaka 1899 ulipita Seneti kwa 57 dhidi ya 27, na kwa kuwa ulihitaji theluthi mbili, ulivuka kwa kura moja tu ya ziada. Na kura ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura kule Tennessee Agosti 1920 ndo kabisaa, bunge la jimbo limefungana, mara mbunge kijana wa miaka 24 anaitwa Harry Burn, kavaa waridi jekundu la wanaopinga, mfukoni ana barua ya mama yake inayomwambia akubali, akabadilisha kura. Ukiwapa darasa hizi namba baada ya wao wenyewe kupiga kura wanashtuka jinsi zilivyokaribiana na zao, na kama hazikukaribiana napo pana mazungumzo mazuri tu.

Anza na kitu kidogo: benki ya 1791

Watu wengi wanaanza na katiba yenyewe kwa sababu ndo ya kwanza kwenye kalenda. Mi nashauri uanze na benki kwa sababu mjadala wenyewe unaenea kwenye meza moja. Ni Februari 1791, Kongresi, yaani bunge la Marekani, imepitisha muswada wa benki ya taifa, umefika kwa Rais Washington na katiba inampa siku 10 bila kuhesabu Jumapili, asaini au aurudishe. Hajui afanye nini. Anawaomba mawaziri wake wamwandikie maoni. Jefferson, waziri wa mambo ya nje, anaandika tarehe 15: usisaini, katiba haijakupa ruhusa ya kuanzisha benki. Hamilton, waziri wa fedha, anajibu tarehe 23, karatasi ndefu mno: saini, ruhusa ipo. Wote wanabishania kipengele kimoja cha mwisho kwenye ibara ya kwanza sehemu ya nane, kinachosema Kongresi inaweza kutunga sheria zote ambazo ni za lazima na zinazofaa ili kutekeleza mamlaka yake. Jefferson anasema cha lazima ni kile ambacho bila hicho kazi haifanyiki, na kodi inakusanyika vizuri tu bila benki. Hamilton anasema kwa kusoma hivyo serikali haitafanya chochote, kwa sababu karibu kila njia ya kufanya jambo unaweza kupata nyingine badala yake, kwa hiyo cha lazima hapa maana yake ni chenye msaada.

Darasani inakuwa hivi. Kila mwanafunzi ni Washington, hakuna Jefferson wala Hamilton, hakuna kuigiza. Kila mmoja anapata aya moja ya huyu, aya moja ya yule na kile kipengele chenyewe cha katiba, majina umeyakata. Dakika 15 wanasoma kimya huku wanapiga mistari, alafu kila mtu anaandika kwenye kikaratasi "nasaini" au "sisaini" na sentensi moja ya sababu, na sababu lazima itoke kwenye karatasi alizopewa. "Naona benki ni nzuri" hairuhusiwi. Hapo utaona mmoja ameandika hasaini kwa sababu ukiruhusu hili moja hakuna mahali pa kusimama tena, mwingine anasaini kwa sababu katiba ingetaka iwe finyu ingesema finyu, na hao wawili ukiwakalisha pamoja dakika tano wataenda mbali kuliko utakavyoenda wewe ubaoni saa nzima.

Kusanya vikaratasi, usiseme Washington alifanya nini. Kipindi kinachofuata peleka darasa 1803. Yule yule aliyesema katiba haijaruhusu benki sasa ndo rais, na Ufaransa inauza Louisiana kwa dola milioni 15, na katiba haisemi popote kwamba rais anaweza kununua ardhi. Afanyeje? Waache wahangaike. Jefferson mwenyewe alihangaika, akaandika rasimu za kurekebisha katiba kwanza, alafu akaogopa Napoleon asije akaghairi, akanunua. Ukimaliza hapo wapeleke kwa Madison, aliyeipinga benki kwenye Kongresi mwaka 1791 na mwaka 1816 akiwa rais akasaini benki ya pili. Hapo lazima mtu atasema "kumbe wanafiki wote". Usimjibu haraka. Muulize kati ya 1791 na 1816 nini kilikuwa kimetokea, na kama hajui mpe, kwamba muda wa benki ya kwanza uliisha 1811, mwaka uliofuata vita na Uingereza ikaanza, serikali ikapigana bila benki na hazina ikataabika. Kubadilika baada ya kuumizwa na hali halisi na kubadilika kwa sababu sasa kiti ni chako ni vitu viwili, na darasa likianza kuvitofautisha lenyewe ujue somo limekaa. Sasa ndo uwaambie Washington alisaini tarehe 25.

Kuna kipande cha tatu cha hii hadithi ya benki, cha Rais Andrew Jackson mwaka 1832. Hicho mi sikifundishi, nakiweka kando makusudi, ntakuambia huko chini kwa nini.

Katiba, ila tahadhari na kumbukumbu za Madison

Ukija kwenye 1787 na 1788, usiwape darasa hoja kumi. Wape swali moja: nchi kubwa inaweza kujitawala bila mfalme, au kujitawala kunawezekana kwenye nchi ndogo tu? Mwandishi mmoja wa New York aliyejiita Brutus alisema nchi ikiwa kubwa mno wananchi hawawajui viongozi wao na viongozi hawayajui mahitaji ya watu, mwishowe jeshi ndo litatawala. Madison akiandika kwa jina la Publius akageuza meza, akasema ukubwa ndo dawa yenyewe, kwa sababu kwenye nchi kubwa makundi yanakuwa mengi na hakuna kundi moja litakaloweza kuyakandamiza mengine. Hapa majina yalishafichwa na wenyewe kwa hiyo kazi yako imepungua.

Tahadhari: walimu wanapenda kutumia kumbukumbu za Madison za mkutano wa Philadelphia wa 1787 ulioiandika katiba, kana kwamba wapiga kura wa 1788 walikuwa wamezisoma. Hawakuzisoma. Mkutano ulikuwa wa siri, na kumbukumbu zile zilichapishwa 1840, Madison ameshafariki miaka minne nyuma. Mkulima wa Massachusetts alikuwa na karatasi ya katiba, magazeti na maneno ya jirani. Darasa nalo lipate hayo tu. Na baada ya kura waonyeshe kwamba walioshindwa hawakuondoka mikono mitupu, yale marekebisho kumi ya haki za raia yaliyokamilika Desemba 1791 yalitokana na kelele zao. Wanafunzi wanafurahi sana kukuta upande walioupigania umeshindwa kura na bado umeacha alama kwenye katiba yenyewe.

Pale ambapo pande mbili si sawa

Hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndo mahali somo linaharibika na mtoto anaenda nyumbani ameumia. Kuna watu wakisikia mjadala wanafikiri kila kitu kigawanywe katikati, nusu ya darasa itetee utumwa nusu iupinge. Usifanye. Ubaya wa kwanza unajulikana, kuna mwanafunzi humo ndani utamlazimisha asimame aeleze kwa nini mtu afanane na ng'ombe wa kununuliwa. Ubaya wa pili hausemwi sana, kwamba hata kihistoria ni uongo, kwa sababu unaonyesha mjadala kana kwamba walikuwa wanabishana wazungu wawili waungwana na waliokuwa watumwa walikaa kimya wakisubiri jibu.

Tafuta mjadala ndani ya upande. Mzuri kuliko yote ni wa William Lloyd Garrison, mhariri mzungu, na Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani. Wote wanapinga utumwa, wote wanataka uishe, na bado wakafarakana kabisa kwenye swali moja: katiba ya Marekani ni ya wenye watumwa au si ya wenye watumwa? Garrison alisema ni mkataba na mauti, na tarehe 4 Julai 1854 kule Framingham akaichoma nakala yake mbele ya watu. Ushahidi wake si haba, kuna kuwahesabu watumwa kama tatu ya tano ya mtu kwenye kugawa viti vya wabunge, kuna kuwarudisha waliotoroka, kuna kuizuia Kongresi isipige marufuku uingizaji wa watumwa mpaka 1808. Tena zile kumbukumbu za Madison zilipotoka 1840 watu wa Garrison walizidaka, zikaonyesha waziwazi mle chumbani walipatana nini. Douglass mwanzoni alikuwa upande huo huo, mwaka 1851 akatangaza amebadili mawazo. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ni maandishi, sio siri za watu waliojifungia chumbani, na maandishi yale yanasema sisi watu, hayasemi sisi watu weupe, wala hayamtaji mtumwa kwa jina popote, kwa hiyo hiki ni chombo unachoweza kukishika ukakitumia kumpiga nacho mwenye watumwa.

Gawa darasa hapo sasa. Kila mtu anapata hoja nzito ya kushika, hakuna anayedhalilishwa, na wanasoma katiba yenyewe kifungu kwa kifungu wakitafuta risasi. Sijawahi kuona karatasi ya katiba inachakaa mikononi mwa wanafunzi kama kwenye somo hili.

Kanuni hiyo hiyo itumie kwenye sheria ya 1830 ya kuwahamisha Wahindi Wekundu kuwapeleka ng'ambo ya Mississippi. Usiweke "faida na hasara" jamani. Anza na Wacherokee wenyewe, waliokuwa na katiba yao ya kuandikwa tangu 1827 na gazeti lao tangu 1828, na waliokuwa wanapeleka maombi Kongresi kwa maandishi. Alafu seneta Frelinghuysen wa New Jersey aliyesimama kuwatetea kwa siku tatu. Alafu kura: Baraza la Wawakilishi ilipita kwa tofauti ya kura chache tu. Mwanafunzi anayesema "enzi zile kila mtu alifikiri hivyo" hapo anakosa pa kusimama, karibu nusu ya wabunge walisema hapana siku ile ile.

Lincoln na Douglas, na magazeti mawili

Ile midahalo saba ya Illinois ya 1858, kati ya Abraham Lincoln na Stephen Douglas (sio yule Frederick Douglass) waliokuwa wanagombania kiti cha Seneti, kila mtu anaijua kwa jina ila wachache wanaisoma. Ni mirefu kweli, mmoja anaanza saa nzima, mwenzake saa moja na nusu, alafu wa kwanza anarudi nusu saa, na watu wamesimama tu nje wanasikiliza. Usiigizwe darasani, isomwe. Ukiigiza kila mtu anataka kuwa Lincoln na anayepewa Stephen Douglas anazomewa kabla hajafungua mdomo.

Mi natumia vipande viwili vya Lincoln yule yule. Cha kwanza ni hotuba ya Chicago ya Julai 10, kabla midahalo haijaanza, ambapo anawaomba watu waache maneno ya rangi hii na rangi ile duni, wasimame wote na lile tamko kwamba watu wote wameumbwa sawa. Cha pili ni Charleston, hii Charleston ya Illinois sio ile ya South Carolina, Septemba 18, ambapo anasema hataki na hajawahi kutaka usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi. Kata majina na tarehe, wape vyote viwili, waulize ni watu wangapi walioandika hivi. Karibu wote wanasema wawili. Ukiwaambia ni mmoja na hata miezi mitatu haijapita kati yake, kunakuwa kimya kidogo alafu kelele. Douglas naye aliliona hilo na kule Galesburg akamsimanga nalo mbele ya watu, kwamba kaskazini unasema hivi na ukishuka kusini unasema vile. Kazi ya wanafunzi ni kueleza, wala sio kumhukumu tu: aliyesimama kusikiliza Charleston ni nani, na Lincoln alikuwa anatafuta nini kwake, na pamoja na kusema yale ni kitu gani hakukiachia hata Charleston? Jibu ni kwamba hakuachia utumwa usienee kwenye maeneo mapya, wakati Douglas anasema wakazi wa kila eneo wajiamulie wenyewe. Hapo ndo penye mzozo wenyewe.

Kuna zoezi lingine dogo hapo hapo. Hotuba ziliandikwa na waandishi wa magazeti mawili ya Chicago, moja la Republican, moja la Democrat, na kila gazeti lilimsafisha mtu wake na kumwacha mpinzani na maneno yake yaliyokatikakatika. Weka aya ile ile kutoka kwa wote wawili uone watakavyoanza kuwa na wasiwasi na kila kitu wanachosoma.

Mijadala yenye pande tatu

Ubao una kushoto na kulia ndo maana tunafikiri mijadala nayo ni hivyo. Chukua Shirikisho la Mataifa mwaka 1919, ule umoja wa nchi ulioanzishwa na mkataba wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kulikuwa na Rais Wilson na Democrat wake wanaotaka mkataba kama ulivyo. Kulikuwa na seneta Henry Cabot Lodge wa Republican na watu wake wanaoukubali kwa masharti, hasa kile kifungu cha 10 cha kulinda mipaka ya wanachama wengine, waliona kinaweza kuiingiza Marekani vitani bila Kongresi. Na kulikuwa na kundi dogo la maseneta, akina Borah, hawautaki kwa namna yoyote. Gawa darasa makundi matatu, la Wilson nusu kasoro, la Lodge karibu linalingana nalo, la wakataaji wachache. Kila kundi linapata karatasi yake tu. Waambie kupita kunahitaji theluthi mbili. Wapigie kura mkataba wenye masharti, alafu usio na masharti, alafu wape dakika kumi wakazunguke wakishawishiana, alafu warudie.

Kinachotokea ni kwamba wengi humo ndani wanataka kujiunga kwa namna moja au nyingine, na bado haipiti, kwa sababu kundi la Wilson linakataa masharti na kundi la Lodge linakataa bila masharti, na wale wachache wanacheka pembeni wakipiga hapana mara zote mbili. Mtu atakuja kulalamika kwamba umeiharibu makusudi. Hapo toa namba: Novemba 1919, kwa masharti 39 kwa 55, bila masharti 38 kwa 53, Machi 1920 kwa masharti 49 kwa 35, zikapungua kura 7 kufika theluthi mbili, na Wilson akiwa mgonjwa wa kiharusi tangu Oktoba alikuwa amewaambia watu wake wasikubali. Hii haihitaji maelezo tena ya kwa nini Marekani haikujiunga, wameshaipitia kwenye viti vyao.

Mwingine wa namna hii ni mkutano wa New York Mei 1869 kuhusu marekebisho ya 15, kwamba wanaume weusi wapate kura kwanza au mpaka na wanawake wawemo. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watetezi wa haki za wanawake, wako huku, Frederick Douglass kule anasema watu weusi wanauawa hili haliwezi kusubiri, Lucy Stone, mtetezi mwingine wa wanawake, anaunga mkono marekebisho huku anasikitika, na Frances Harper, mwanamke mweusi, ambaye swali lenyewe lilimkata katikati. Usifiche kwamba Stanton alitoa maneno mabaya ya kibaguzi. Ila mpe Harper mwanafunzi anayefikiri kwa utulivu, yeye ndo atakayeona kwamba swali limeulizwa vibaya.

Mambo madogo madogo ya darasani

Nyaraka zikate fupi, maneno 150 au 200 yanatosha, ila usizifasiri mpaka hoja ikafa. Kiingereza cha karne ya 18 kinatisha, kwa hiyo kama darasa linasoma kwa Kiswahili itafsiri mwenyewe nyumbani na uisome kwa sauti, ile milio ya hasira na kejeli inasaidia. Za kina Jefferson, Hamilton na Madison zipo bure kwenye tovuti ya Founders Online, na Maktaba ya Kongresi ina magazeti ya zamani kibao.

Mdahalo wa kusimama na kupigiwa makofi autumie kwa kiasi, maana mwenye sauti anashinda na hoja inapotea. Kwenye makundi weka sharti kwamba kabla hujajibu lazima urudie hoja ya mwenzako mpaka yeye aseme ndiyo hivyo. Inachosha dakika kumi za kwanza, wakishazoea hawawezi tena kubishana bila hiyo. Wakimya waandike, alafu wewe usome vikaratasi vyao bila kutaja jina.

Na vyama. Lazima siku moja mtu ataleta siasa za leo, huyu wa Republican yule wa Democrat, na kuanza kuwapaka watu wa zamani rangi za sasa. Usigombane naye, chukua sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, na uandike ubaoni majina ya maseneta, pembeni ya kila jina weka jimbo badala ya chama. Walioongea wiki na wiki ili muswada usifike kwenye kura waliongozwa na Richard Russell wa Georgia, Democrat. Kura ya kufunga mjadala ilipita 71 kwa 29 tarehe 10 Juni kwa msaada wa Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Republican. Na Goldwater wa Arizona, aliyekuwa anakaribia kuteuliwa kugombea urais kwa Republican, alipinga. Waulize wanaona mpangilio gani kwenye ubao. Ramani itawajibu kabla ya chama.

Sasa kusahihisha, na Jackson wa 1832. Kwenye mtihani usiulize taja hoja tano. Toa aya moja ambayo hawajawahi kuiona, bila jina wala tarehe, na maswali matatu: huyu yuko upande gani wa mjadala gani, maneno yapi yamekuonyesha, na mpinzani wake angemjibuje. La tatu lipe alama nyingi kuliko mengine, mi natoa nusu nzima ya alama hapo. Barua ya Jackson ya kuukataa muswada wa benki, Julai 1832, ndo inayofaa kuliko zote ninazozijua, kwa sababu ndani yake kuna hoja ya Jefferson ya mamlaka finyu, kuna haki za majimbo, alafu ghafla kuna hasira mpya kabisa dhidi ya matajiri wanaoipinda serikali kwa faida yao. Wengi wataandika ni Jefferson. Usiwakate sana kama ushahidi wameutoa kwenye karatasi, mwonyeshe tu ile sentensi ya matajiri na umuulize kama Jefferson wa 1791 alikuwa ameiandika. Wachache wataandika kwamba anafanana na Jefferson ila si yeye, na huyo ana hasira na watu sio na kipengele cha katiba. Hao wape zote.